Tangi la maji chumvi, Dar es Salaam: shajara ya kulikomaza

13 Juni

Tangi la samaki limesimama. Sentimita 100 kwa 45 kwa 45, kioo cha milimita 10, kazi ya fundi vioo wa mtaani ambaye riziki yake kubwa ni makabati ya maduka. Ubishi wetu ulikuwa juu ya silikoni. Yeye alishika ile ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo haichagui: inaua ukungu na inaua viumbe wa baharini. Tumetumia ile ya kawaida inayonuka siki inapokauka. Limejazwa maji ya bomba tangu Jumatatu, na magazeti niliyotandaza chini yake bado ni makavu.

Ukilijaza hadi ukingoni linabeba lita 202. Ukitoa mawe na nafasi ya juu, maji halisi yatakuwa kama lita 170, na hesabu zote humu zitatumia 170. Meza ni ya chuma cha pembe, imechomelewa na kupimwa kwa pimamaji pande zote nne. Maji, kioo na mawe kwa pamoja ni zaidi ya kilo 200, na sakafu za nyumba zetu mara nyingi zina mteremko ambao jicho halioni.

Mawe sikuyatoa baharini. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu, na hata nje ya hapo matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Zaidi ya hayo, sioni sababu ya kulivunja fungu lililo hai kwa ajili ya pambo la sebuleni wakati nchi kavu yenyewe huku pwani imekaa juu ya matumbawe ya kale. Yangu ni mawe ya chokaa kutoka machimbo ya upande wa Boko, mepesi, yenye matundu mengi. Nilidondoshea siki, yakatoa povu, ishara kwamba ni kaboneti. Kisha yakaloweshwa kwenye ndoo ya maji baridi (yasiyo na chumvi) na nikapima fosfati ya maji yale: miligramu 0.4 kwa lita. Ni nyingi, na fosfati hulisha mwani. Nimebadilisha maji ya ndoo kila siku mbili hadi kipimo kikashuka kwenye 0.05. Jiwe la kuvunjwa kwenye nyumba ya zamani lingepatikana bure, ila lina saruji na rangi za miaka mingi, nikaliacha.

22 Juni

Maji yamefika. Nilingoja bamvua, na ndani ya bamvua nikangoja maji yakiwa yanajaa. Maji yanayojaa yanatoka bahari kuu. Yanayokupwa yanarudi na uchafu wa mitaro, tope la mikoko na chochote kilichomwagwa na Mto Msimbazi. Masika nayo imeshaisha. Mwezi Aprili maji ya karibu na ufuko wetu huwa mepesi kwa mvua na yana rangi ya chai.

Tulichota mbali na ufuko, kwa boti ya mzee mmoja wa Kunduchi, kwenye madumu ya lita 20 ambayo hayajawahi kubeba sabuni wala mafuta. Mzee alivumilia hadi dumu la nne ndipo akauliza:

"Mwanangu, maji haya ni ya dawa?"

"Hapana babu, ni ya kufugia samaki."

"Samaki si wamo humu humu?"

Sikuwa na jibu la maana. Hata sasa sina.

Maji yamechujwa kwa bafta iliyokunjwa mara mbili na kuingizwa tangini siku hiyo hiyo. Yakikaa kwenye dumu lililofungwa, vijidudu vilivyomo vinakufa, vinaoza, oksijeni inakwisha, na ukifungua unapokewa na harufu ya yai bovu. Pampu ya mzunguko na ya hewa zimewashwa. Taa zimezimwa na zitabaki hivyo, maana mwanga sasa hivi utaotesha mwani tu.

24 Juni

Vipimo vya mwanzo. Chumvi 34.8 kwa elfu. Joto digrii 26. pH (kipimo cha utindikali) 8.1. Alkali, ambayo nitaieleza mbele, 6.6 kwa kipimo chake cha dKH. Kalsiamu 410, magnesiamu 1,280, fosfati 0.03, zote miligramu kwa lita. Amonia, nitriti na nitrati zote sifuri kwa jinsi jicho langu linavyosoma kadi ya rangi.

Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, niliisawazisha kwa kimiminika maalumu cha 35. Wengi hutumia maji ya betri (yale yasiyo na tindikali) kuweka sifuri na kuishia hapo. Kifaa kinaweza kuwa sahihi kabisa kwenye sifuri na kupotoka pointi mbili kwenye 35, na sisi tunaishi kwenye 35.

Hivi vipimo vya mwanzo ndivyo dira yangu. Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha uchambuzi wa sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli ya Challenger katika safari yake ya kuzunguka dunia ya 1872 hadi 1876. Alikuta kwamba chumvi inaweza kuzidi au kupungua kutoka bahari moja hadi nyingine, lakini uwiano wa vitu vikuu vilivyomo karibu haubadiliki. Aliye Nairobi au Dodoma hununua unga wa chumvi na kukoroga ili aukaribie uwiano huo. Mimi nimeuchota kwa dumu. Kwa hiyo kazi yangu ni kujua nini kinayavuta maji yatoke pale yalipokuwa, na kukirudisha hicho tu. Rafu ya duka la vifaa vya samaki ina chupa za kila kitu, na muuzaji alishangaa nilipotoka na vipimo peke yake.

27 Juni

Leo nimewalisha wasioonekana.

Kukomaza tangi ni kuotesha bakteria kabla ya samaki kuja. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Baharini inapotea ndani ya maji mengi. Kwenye lita 170 inamuua aliyeitoa. Kundi la kwanza la vijidudu huigeuza kuwa nitriti, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati samaki wanaivumilia. Vitabu vya zamani vinamtaja Nitrosomonas kwa kazi ya kwanza, na yumo kweli, ila mwaka 2005 watafiti walitangaza kiumbe kingine kinachoifanya kazi hiyo hiyo, Nitrosopumilus maritimus. Huyu si bakteria kabisa, ni wa kundi la akea, na alitolewa kwenye changarawe za tangi la maji chumvi katika akwariamu ya Seattle, Marekani. Napenda kwamba hakupatikana kwenye kilindi fulani cha kutisha. Alikuwa tangini, watu wanapita mbele yake na watoto wao.

Chakula chao kinaweza kuwa kamba mbichi anayeachwa aoze. Soko la samaki la Feri kamba hawakosekani. Kasoro ni kwamba hujui umeweka amonia kiasi gani, fosfati inaingia bila kualikwa, na sebule inanuka. Nimenunua kloridi ya amoniamu kwenye duka la kemikali na kuipima kwa mizani ndogo kama ya sonara: gramu 1.1, ambayo kwenye lita 170 inatoa miligramu 2 za amonia kwa lita. Nusu saa baadaye kadi ilionyesha 2. Nikipita 4 au 5 naweza kuwazubaisha hao hao ninaowaotesha.

Jambo moja linalosahauliwa sana: amonia iko katika sura mbili, ile yenye chaji ambayo haina madhara makubwa, na ile huru ambayo ndiyo sumu. pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye maji ya bahari ya digrii 25 na pH 8.2, iliyo huru ni kama asilimia 7. Kwenye pH 7.8 ni chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu mwenye samaki na amonia ndani ya tangi akikimbilia kupandisha pH kwa sababu kitabu kinasema 8.2, anawaongezea sumu kwa mkono wake.

30 Juni

Amonia 2. Nitriti sifuri. Hakuna kilichotokea na hakikutarajiwa kutokea. Bakteria wa kwenye chakula kilichochacha wanaweza kujigawa kila dakika ishirini. Hawa wangu huchukua karibu siku nzima au zaidi.

2 Julai

Kuna jamaa yangu Unguja mwenye tangi lililokomaa siku nyingi, ambalo halijawahi kutiwa dawa ya shaba. Amenitumia kwa boti ya asubuhi kifuko cha wavu chenye vipande vya udongo wa kuchoma kutoka kwenye chujio lake. Vimesafiri ndani ya bakuli la plastiki, vimelowa lakini havikuzamishwa, kifuniko kimelegezwa. Bakteria hawa wanavuta oksijeni. Ukiwafungia kwenye chupa iliyojaa maji pomoni kwa saa kadhaa za jua utapokea maiti. Nimevitia nyuma ya pampu, mahali maji yanapopita kwa nguvu.

Sikutaka kuchukua kitu kama hicho dukani. Matangi ya kuuzia hupokea samaki wa kila aina na mara nyingi hutibiwa kwa shaba, na shaba ikinywea kwenye jiwe la chokaa, konokono na kaa hawatakaa humo.

5 Julai

Amonia 1.2. Nitriti imeanza, waridi hafifu sana. Nimefurahi kupita kiasi cha waridi chenyewe.

Kilichonishughulisha zaidi leo ni chumvi: 35.6. Juzi nilifunga feni ndogo ya volti 12 juu ya uso wa maji, na feni hiyo inashusha joto kwa kukausha maji. Tangi linapoteza kama lita tatu kwa siku. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, na kwa hesabu rahisi lita 170 zenye 34.8 zikibaki 166 na ushei unapata namba hiyo hiyo niliyoisoma. Kinachorudishwa ni maji baridi peke yake. Ukijazia maji ya bahari juu ya maji yaliyopungua kwa mvuke, baada ya mwezi utakuwa unafuga samaki kwenye brini, maji ya chumvi kali.

Maji baridi yepi, hilo ndilo suala letu Dar. Maji ya kisima hapa kwetu yana chumvichumvi zake. Kipima changu cha vitu vilivyoyeyuka majini kilipita elfu moja. Maji ya bomba yana klorini. Maji ya mvua yanapita kwenye bati lenye zinki, na yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yanatoka moja kwa moja kwenye mabomba ya shaba, ingawa yanaonekana masafi ajabu na watu hunishauri kila wiki. Nimemalizia kwenye duka la maji ya kunywa la mtaa wa pili, lenye mtambo wa kuchuja kwa shinikizo. Kipima: 9. Dumu moja linatosha kama wiki. Nimechora mstari kwa kalamu kwenye kioo cha ubavuni, na kila asubuhi maji yanarudi kwenye mstari.

7 Julai

Sabasaba. Wageni nyumbani. "Mbona hamna samaki?" Mke wangu ameshajifunza kujibu kabla yangu: "Shemeji, anafuga mawe."

12 Julai

Amonia sifuri. Nitriti imevuka rangi ya mwisho ya kadi, zambarau iliyokolea. Kundi la kwanza liko kazini, la pili bado.

Nimeongeza amonia tena, miligramu 2, ili kundi la kwanza lisilale njaa. Kuhusu nitriti sina wasiwasi. Kwenye maji baridi nitriti huingia kwenye damu ya samaki kupitia matamvua na kuizuia kubeba oksijeni. Kwenye maji chumvi kloridi ni nyingi mno na inaiziba nitriti njia ile ile ya kuingilia. Kwa hiyo zambarau hii si dharura hata kama ningekuwa na samaki. Inanisumbua kwa sababu nyingine: kipimo cha nitrati hufanya kazi kwa kuigeuza nitrati kuwa nitriti na kusoma rangi. Nitriti ikiwa tayari imejaa, kipimo kinaisoma hiyo na kukupa nitrati ya kutisha isiyokuwepo. Sitapima nitrati hadi nitriti iishe.

16 Julai

Umeme ulikatika saa nane usiku ukarudi saa moja asubuhi. Pampu ya hewa ya betri ilishika zamu yenyewe, ile inayowaka umeme ukizima. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa na ningekinunua kabla ya taa.

Maji ya bahari ya digrii 25 yakishiba hewa yanabeba miligramu 6.7 hivi za oksijeni kwa lita, ya digrii 30 yanabeba 6.2. Akiba ni ndogo, na inapungua kadiri joto linavyopanda. Bakteria hawa nao ni walaji: kila miligramu moja ya nitrojeni iliyomo kwenye amonia inahitaji zaidi ya miligramu 4.5 za oksijeni hadi iwe nitrati. Tangi linalokomazwa linahema kuliko linavyoonekana. Asubuhi amonia ilikuwa 0.3. Hakuna kilichokufa.

18 Julai

Amonia sifuri tena. Nimeongeza miligramu 1 tu. Nitriti bado iko juu ya kadi.

21 Julai

Sasa ndiyo kemia yenyewe. pH leo saa kumi na mbili asubuhi ni 7.7. Alkali 5.0 dKH.

Alkali, kwa ufupi, ni uwezo wa maji kuimeza tindikali bila pH kuporomoka, na baharini sehemu kubwa ya uwezo huo ni bikaboneti. Bakteria wanapoigeuza amonia kuwa nitriti wanaachia tindikali, na tindikali hiyo inakula bikaboneti. Kiasi chake kinajulikana: kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia inakula alkali sawa na miligramu 7.14 za kaboneti ya kalsiamu.

Nikakaa na karatasi. Tangu mwanzo nimeweka amonia miligramu 5 kwa lita: 2, kisha 2, kisha 1. Ndani yake nitrojeni ni 4.1. Zidisha kwa 7.14 upate 29. dKH moja ni kama 17.9. Gawanya: 1.6. Nilianza na 6.6, natakiwa kuwa na 5.0. Kipimo kinasema 5.0.

Nimefanya hesabu nyingi maishani ambazo majibu yake hayakukubaliana na ukweli, kwa hiyo hii naiandika kwa wino. Maana yake ni kwamba hakuna fumbo lingine humu ndani. Mawe hayali alkali, maji hayakuwa mabovu, na sihitaji chupa yoyote ya "kuimarisha pH". Kilichopungua ni bikaboneti, kitakachorudi ni bikaboneti.

Bikaboneti ya sodiamu ya kuokea mikate, ile iliyoandikwa kwamba ni yenyewe tupu (hamira ya unga ya keki ni kitu kingine, ina tindikali ndani). Kwenye lita 170, gramu 5.1 zinapandisha dKH moja. Nataka kufika 7.4 hivi, kwa hiyo gramu 12. Nazigawa kwa siku tatu, gramu 4 kila asubuhi, zimeyeyushwa kwenye nusu lita ya maji baridi na kumiminwa taratibu mbele ya pampu. Ukizimwaga zote mara moja unaweza kuona tangi linageuka maziwa, kaboneti ya kalsiamu inaganda majini na kuondoka na kalsiamu yako pia.

Mama mkwe aliponiona na mizani akauliza kwa nini nisitumie magadi, yako jikoni. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, kwa hiyo yanapandisha pH kwa kishindo, na kwa kuwa yanachotwa ziwani yanakuja na mengine, floraidi ikiwemo. Kwa maharage hayana mpinzani. Alikubali hoja ya floraidi, ya kishindo hakuijali.

Na chokaa? Maji ya chokaa yana heshima yake. Chokaa iliyozimwa ikiyeyushwa kwenye maji baridi yaliyochujwa inatoa kalsiamu na alkali kwa uwiano ule ule ambao matumbawe huyatumia kujenga mifupa, na wafugaji wa matumbawe kote duniani huidondoshea usiku. Lakini pH yake inapita 12, na mimi sina tumbawe hata moja la kujenga chochote. Chokaa ya tambuu, kama kuna atakayejaribiwa, mara nyingi imeshachanganywa na vingine. Kalsiamu yangu leo ni 410, kama siku ya kwanza.

24 Julai

Alkali 7.4. pH asubuhi 7.85. Haikupanda kama nilivyotaka.

Kabla ya kuongeza kitu nilichota glasi ya maji ya tangi, nikaipeleka barazani na kuipulizia hewa kwa saa moja. pH ya glasi: 8.15. Kwa hiyo tatizo liko kwenye hewa ya chumba. Usiku tunafunga madirisha kwa ajili ya mbu na kuwasha kiyoyozi, watu wanne tunalala humo na mlango wa sebule uko wazi, hewa ya ukaa inajaa chumbani, inayeyuka majini na kuishusha pH. Nimetoboa tundu kwenye fremu ya wavu wa dirisha na kupitisha mpira wa pampu ya hewa, ili ivute hewa ya nje.

25 Julai

pH saa kumi na mbili asubuhi: 8.05. Kwa gharama ya mita mbili za mpira.

29 Julai

Nitriti imeanguka usiku mmoja, kutoka zambarau hadi karibu na sifuri. Haikushuka kidogo kidogo kama amonia. Kuna sababu nzuri: kadi yangu haisomi zaidi ya rangi yake ya mwisho, kwa hiyo ilikuwa inashuka siku zote huku juu mahali nisipoona.

Mawe yameota utando wa kahawia, hata kwa mwanga huu wa dirishani. Ni diatomu, mwani wenye ganda la silika, wapangaji wa kwanza wa kila tangi jipya. Silika ikiisha wataondoka wenyewe. Nimesugua kioo, mawe nimeyaacha.

2 Agosti

Mtihani wa mwisho ulianza jana saa moja jioni: amonia miligramu 2. Leo saa moja jioni: amonia sifuri, nitriti sifuri. Tangi limekomaa kwa kiwango nilichojiwekea.

Sasa nitrati inasomeka kwa haki. 25. Kwa karatasi: amonia yote 7, nitrojeni 5.8, mara 4.43, sawa na 25 na nukta. Kadi za rangi haziko makini kiasi hicho, kwa hiyo ulinganifu huu una bahati ndani yake, ila bahati imeelekea upande mzuri. Alkali 6.8, imeshuka 0.6 kwa ajili ya mtihani, kama ilivyotarajiwa.

4 Agosti

Nimebadilisha nusu ya maji. Bahari ile ile, mzee yule yule, ambaye safari hii aliniuliza samaki wamekuaje nikamwambia bado hawajaingia. Alinitazama kwa huruma.

Maji mapya yalikaa usiku kucha kwenye pipa lenye pampu hadi joto likalingana, digrii 26, na chumvi 34.9. Baada ya kubadilisha: nitrati 12, fosfati 0.04, alkali 6.7, kalsiamu 410. Sikuongeza bikaboneti. 6.7 ndiyo bahari ilivyo, na bila matumbawe ya kuitafuna haina haraka ya kwenda popote. Nitrati ningeweza kuisubiri iliwe na mwani, na mwani ukiila hurudisha alkali iliyopotea. Lakini 25 kwa tangi jipya lenye fosfati ni mwaliko wa majani ya kijani kila mahali.

8 Agosti

Konokono sita wa baharini na kaa wawili wadogo wanaobeba magamba. Niliwazoesha kwa kudondoshea maji ya tangi kwenye bakuli lao kwa saa moja na nusu, kwa sababu viumbe hawa mabadiliko ya ghafla ya chumvi huwaumiza kuliko samaki. Hadi jioni jiwe la mbele lilikuwa na njia nyeupe katikati ya ukahawia. Nimewasha taa kwa saa nne.

20 Agosti

Samaki wawili wadogo wa Amphiprion, jamii inayoishi ndani ya anemoni baharini, aina ya huku kwetu yenye mstari mweupe mgongoni, kutoka kwa mfugaji na si wa kuvuliwa. Watu wameshaniuliza kitatange. Kitatange wengi hula matumbawe yaliyo hai na tangini hufa njaa chakula kikiwa mbele yao, kwa hiyo hapana.

Samaki wawili wadogo wanatoa amonia kidogo sana kuliko miligramu 2 kwa siku ambazo tangi lilizimudu. Hata hivyo bakteria hupungua chakula kikipungua, kwa hiyo wa tatu hataingia kabla ya mwisho wa Septemba. Amonia napima kila jioni kwa wiki hii. Leo sifuri.

23 Agosti

Sifuri tena. Chumvi 34.9, joto 26, pH 8.1, alkali 6.6, nitrati 12. Wanakula.

Kinachofuata ni joto. Kusi inatusaidia sasa. Kaskazi ikianza, na hasa Februari na Machi, maji ya bahari yenyewe hapa hukaribia digrii 30, na kwa unyevu wa hewa wa miezi hiyo feni hukausha maji kidogo tu. Mwaka 1998 joto la aina hiyo lilipausha matumbawe pwani nzima ya Afrika Mashariki, na wao walikuwa na bahari nzima ya kujificha. Nimeagiza feni ya pili na kidhibiti joto cha kuziwasha zote maji yakipita digrii 27.5, na namtafuta fundi wa mafriji atakayeniambia ukweli kuhusu gharama ya umeme ya kipoza maji. Feni ya pili ikifungwa nitapima upya mvuke kwa siku, maana mstari wa kalamu utahitaji dumu zaidi ya moja kwa wiki.